Mistari 85 iliyosomwa kama maelezo: kisa cha jaribio la prototaipu la jeshi la wanamaji la Marekani, 1993

Nataka hiki kisa tukichambue taratibu, maana kila kinapotajwa watu wanakimbilia namba moja tu, mistari 85 ya Haskell kwa mistari 1105 ya C++, zote mbili zikiwa lugha za kuandikia programu, halafu ubishi wa lugha ipi kali unaanza na kisa chenyewe kinafia hapohapo. Mi naona hizo namba ndo sehemu nyepesi kuliko zote. Kilichonishika ni kingine kabisa: watu wazoefu, watu wa kazi hasa, walipewa programu iliyokamilika na kutestiwa, wakaisoma, wakaamini kabisa kwamba wanachosoma ni maelezo ya mahitaji yaliyochanganywa na dizaini ya juujuu na programu yenyewe bado haijaandikwa. Walipoambiwa hiyo ndo programu walishangaa na kuingiwa na mashaka. Hapo ndo pa kukaa.

Mazingira kwanza. Mwaka 1993 shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, ARPA, ambalo leo wengi wanalijua kwa jina la DARPA, lilikuwa na mradi unaitwa ProtoTech, na lengo lake lilikuwa kutafuta njia za kutengeneza prototaipu za programu, yani matoleo ya majaribio, haraka zaidi. Wakishirikiana na ofisi ya utafiti ya jeshi la wanamaji na kituo cha Naval Surface Warfare Center, NSWC, wakaamua kufanya jaribio: timu kadhaa zipewe tatizo lilelile, kila timu itumie lugha yake, halafu kazi zikaguliwe. Tatizo halikuwa la darasani. Lilichukuliwa kwenye Aegis, mfumo wa silaha wa manowari za Marekani, na kipande chenyewe kiliitwa geo-server. Kazi ya geo-server kuielezea ni rahisi: inapokea mahali zilipo meli, ndege na vyombo vingine vinavyotembea kadiri muda unavyokwenda, inajua maeneo yaliyochorwa kuzunguka meli, kama eneo ambalo silaha inaweza kufika au eneo lenye masharti maalum, halafu inajibu kila wakati nani yuko ndani ya eneo gani. Kwenye mfano waliopewa kulikuwa na chombo cha adui na pia ndege ya abiria.

Hiyo ndege ya abiria naomba tusiipite haraka. Tarehe 3 Julai 1988, miaka mitano tu kabla ya jaribio, manowari ya Aegis inayoitwa USS Vincennes iliitungua ndege ya Iran Air namba 655 iliyotoka Bandar Abbas kwenda Dubai, watu 290 wakafa wote. Uchunguzi ulionyesha kompyuta za meli zilirekodi ndege inapanda wakati wahudumu ndani ya chumba cha mapambano walikuwa wanaripoti inashuka. Sisemi geo-server ilihusika, haikuhusika, na kosa lile lilikuwa kwenye kusoma na kuelewa zaidi kuliko kwenye hesabu. Ila ukishajua hilo huwezi tena kuchukulia swali la "hiki chombo kiko ndani ya eneo au nje" kama zoezi la kupimia lugha tu. Mtu anayesoma programu ya namna hii lazima aweze kuiangalia na kusema ndiyo, hiki ndo tulichokusudia, au hapana sicho.

Maelezo ya tatizo waliyopewa washiriki yaliandikwa kwa lugha ya kawaida, na kama ilivyo kwa maelezo mengi ya aina hiyo yalikuwa na utata sehemu kadhaa, kila timu ikajaza mapengo kwa kuelewa kwake. Ripoti ya upande wa Haskell iliandikwa na Paul Hudak na Mark Jones wa chuo kikuu cha Yale mwaka 1994, na humo ndo kuna lile jedwali ambalo limezunguka dunia nzima. Haskell mistari 85 ya programu, mistari 465 ya maelezo, yani maneno ya kuifafanua programu, masaa 10 ya kuiandika. Ada mistari 767, maelezo 714, masaa 23. Ada9X 800, maelezo 200, masaa 28. C++ 1105 na maelezo 130, masaa hayakuandikwa. Awk 250, nayo haina masaa. Rapide 157 kwa masaa 54, Griffin 251 kwa masaa 34, Proteus 293 kwa masaa 26, na Relational Lisp mistari 274 kwa masaa matatu tu, hebu iangalie vizuri hiyo, maana watu wa Haskell wanapolinukuu jedwali hili mstari wa Lisp huwa wanaupita kimyakimya. Kama kasi ya kuandika ndo ilikuwa kipimo basi mshindi ni Lisp, mjadala umeisha. Halafu kuna Haskell ya pili, mistari 156 na masaa 8, iliyoandikwa na kijana aliyetoka chuo juzijuzi na aliyepewa siku 8 kujifunza Haskell ndo akaanza kazi. Kwangu mi huyu kijana ni ushahidi mzito kuliko zile 85, kwa sababu zile 85 zimetoka upande wa watu waliokuwa ndani ya lugha yenyewe, Hudak ni mmoja wa waliotengeneza Haskell, sasa utamlinganishaje na mtu wa kawaida.

Sasa twende kwenye programu yenyewe, maana bila kuiona hutaelewa kwa nini wakaguzi walichanganyikiwa. Developa wengi tukiambiwa "eneo" tunawaza data: andika muundo wenye aina ya umbo, kituo, nusu kipenyo, orodha ya kona, halafu andika fanksheni ndefu inayouliza hili ni umbo gani, kama ni duara fanya hivi, kama ni poligoni fanya vile, kama ni mchanganyiko wa mawili basi rudi tena juu. Timu ya Haskell haikufanya hivyo. Walisema eneo ni fanksheni, unaipa pointi, inakujibu ndiyo au hapana. Basi. Kwa kifupi inakaa hivi:

type Region = Point -> Bool
circle r = \p -> distance (0,0) p <= r
outside r = \p -> not (r p)
r1 /\ r2 = \p -> r1 p && r2 p
annulus r1 r2 = outside (circle r1) /\ circle r2

Soma huo mstari wa mwisho polepole. Pete, yani annulus, ni nje ya duara dogo na, ndo ile alama /\, ndani ya duara kubwa. Hayo ndo maneno ambayo afisa wa meli angeyatumia akikuelezea mdomoni, kwa sababu kombora lina umbali wa mwisho ambao zaidi ya hapo halifiki na lina umbali wa karibu mno ambao halifai kurushwa, kwa hiyo eneo la silaha kwa kawaida lina umbo la pete. Hakuna kitanzi, hakuna kigezo kinachobadilika thamani njiani, hakuna mahali panaposema kwanza fanya hiki halafu kile. Na kompyuta inaikubali ilivyo na kutoa jibu.

Ukiwa na maandishi ya hivi unaweza hata kuyafanyia hesabu kwa kalamu. Chukua "nje ya nje ya eneo". Weka outside mbili juu ya r, ukiipa pointi p unapata not (not (r p)), ambayo ni r p tu, kwa hiyo nje ya nje ya eneo ni eneo lenyewe kwa pointi yoyote ile duniani, umethibitisha bila kuendesha testi hata moja. Jaribu kufanya hivyo kwenye mistari 1105 ya C++ uone utaanzia wapi. Hii ndo kazi ambayo watu wa spesifikesheni rasmi, wale wa lugha za kuandikia spesifikesheni kama Z ya Oxford na VDM iliyotoka maabara ya IBM Vienna, walikuwa wanaihubiri miaka mingi: sema unachotaka kwa hisabati ili uweze kukihoji kabla hujakijenga.

Na miaka hiyohiyo walikuwa na ugomvi mkubwa wao kwa wao. Mwaka 1989 Ian Hayes na Cliff Jones, si yule Mark Jones wa Yale, waliandika kwamba spesifikesheni haitakiwi kulazimishwa iweze kuendeshwa na kompyuta, hoja yao ikiwa kwamba ukilazimisha hivyo unapoteza uwezo wa kusema mambo mengi, na mwandishi anaishia kueleza namna ya kufanya badala ya kinachotakiwa, msomaji naye anafungwa na njia moja wakati zilikuwepo nyingi. Norbert Fuchs akajibu 1992 kwamba mifano mingi ya hao jamaa inaweza kuandikwa kwa lugha ya mantiki na ikaendeshwa vizuri tu. Mi nadhani Hayes na Jones wana haki kwa jumla, kuna vitu vya kusema ambavyo hakuna kompyuta itaviendesha, kwa mfano "kwa kila namba nzima iliyopo". Lakini geo-server haikuwa huko. Swali la geo-server ni pointi moja na eneo moja, na kwenye swali la aina hiyo spesifikesheni na programu zinaweza kuwa maandishi yaleyale bila yeyote kuumia. Ndo maana mistari ya Yale iliwachanganya wasomaji: ilikuwa ni vyote viwili kwa wakati mmoja, na wao kwenye kazi zao hawakuwahi kukutana na kitu hicho.

Namna wakaguzi walivyofikia ule uamuzi kwamba programu bado haijaandikwa inafundisha sana. Hudak na Mark Jones wanaeleza kwamba wakaguzi walipewa nakala bila kuambiwa kwamba ni programu. Wakaisoma kwa macho ya uzoefu wao, na uzoefu ukawaambia kitu hiki hakijakamilika, kwa sababu hakijaonyesha miundo ya data wala mpangilio wa nini kinatangulia na nini kinafuata. Yani vitu viwili ambavyo programu ile haikuvihitaji kabisa ndo vilivyohesabiwa kama pengo. Na kwenye suala la kuyaandika maeneo kama fanksheni, baadhi waliona ni ujanja tu usioweza kufaa sehemu nyingine, mmoja akasema ni kitu cha kupendeza lakini hakitanuki, yani huwezi kukiongezea vitu vipya, na maneno ya namna hiyo yakaingia mpaka kwenye rasimu ya ripoti ya mwisho, kwamba toleo la Haskell limependeza kupita kiasi kwa hasara yake lenyewe. Hudak akapinga, ndo yakatolewa.

Hapa siwezi kukaa katikati. Wale wakaguzi walikosea kwenye jambo la msingi, na ni kosa ambalo bado tunalifanya kila siku kazini, unakuta mtu analeta mabadiliko ya mistari kumi na mbili yaliyo wazi kabisa na mkaguzi anauliza kazi yenyewe iko wapi, wakati mtu mwingine kaleta mafaili arobaini yanapitishwa kwa sababu yanafanana na kazi nzito. Hoja ya kwamba hakitanuki ndo dhaifu kuliko zote. Ukitaka umbo jipya kwenye ile programu unaandika fanksheni moja mpya, hugusi chochote kilichokuwepo, wakati kwenye ule muundo wa data tuliouzoea inabidi urudi kila mahali penye orodha ya "kama ni duara, kama ni poligoni" uongeze tawi, na ukisahau mahali pamoja tu ndege inahesabiwa iko nje wakati iko ndani.

Lakini jaribio lenyewe lilikuwa na matobo makubwa na waandishi wenyewe hawakuyaficha. Masaa kila mshiriki alijaza yake. Watu hawakulingana uzoefu. Lugha kadhaa ziliwakilishwa na watu wenye maslahi nazo. Na kwa kuwa maelezo yalikuwa na utata, "imekamilika" ya timu hii si lazima iwe sawa na "imekamilika" ya timu ile, kwa hiyo kugawanya 767 kwa 85 ukapata mara tisa halafu ukatangaza Haskell ina tija mara tisa ya Ada ni kuvunja hesabu. Mistari ya maelezo nayo lazima iingie kwenye mizani. Upande wa Haskell maelezo ni zaidi ya mara tano ya programu, na naona ni sahihi kabisa iwe hivyo, mawazo yaliyobanwa kiasi kile yanahitaji mtu wa kuyafungua kwa maneno, ila usiniambie mtu alisoma mistari 85 tu akaelewa kila kitu.

Kuna gharama nyingine ambayo jedwali haliionyeshi kabisa, na hii inahusu watu wa picha na kamera moja kwa moja. Eneo likiwa ni fanksheni unaweza kuliuliza ndiyo au hapana, lakini huwezi kuliangalia ndani. Huwezi kulichora moja kwa moja, huwezi kujua ukubwa wake, huwezi kuyalinganisha maeneo mawili ukasema yanafanana. Mpaka wake haujaandikwa popote. Ukiutaka inabidi upige pointi nyingi ukatafute pale jibu linapogeuka kutoka ndiyo kwenda hapana, na pointi zikiwa mbalimbali sana unaweza kuruka kipande chembamba cha eneo bila kujua. Sasa hilo ndo tatizo la kutafuta kingo kwenye picha, yani pale mwanga au rangi inapogeuka ghafla, isipokuwa kamera inafanya mambo kuwa magumu zaidi kwa sababu haijibu ndiyo au hapana, inakupa namba zenye kelele, yani makosa madogomadogo ya hapa na pale, na wewe ndo uamue mgeuko upi ni kingo halisi na upi ni uchafu.

Na huko kwenye kingo pia kuna mtu alianza na spesifikesheni. John Canny, kwenye tasnifu yake ya shahada ya pili pale MIT mwaka 1983 na kwenye makala iliyotoka Novemba 1986, hakuanza kwa kusema chukua kichujio hiki. Alianza kwa kuandika masharti matatu kwa fomula: ione kingo halisi na isidanganywe na kelele, iiweke karibu kabisa na pale ilipo, na kingo moja ijibiwe mara moja tu. Akatafuta kwa hesabu kichujio kinachotimiza hayo vizuri kuliko vyote, akakipata, halafu akakiacha na kuchukua kinachofanana nacho ambacho ni rahisi kukokotoa, derivativu ya kwanza ya Gaussian, ule mkunjo wenye umbo la kengele. Kwenye masharti mawili ya kwanza yakipimwa pamoja, mbadala huo ni dhaifu kwa karibu asilimia 20, kwenye lile la tatu kwa karibu asilimia 10, na yeye mwenyewe akaandika kwamba kwenye picha halisi tofauti hiyo ingekuwa vigumu kuiona kwa macho. Hiyo ndo faida ya kuandika unachotaka kabla ya unavyofanya: ukikata kona unajua umekata kiasi gani. Leo watu wengi wanaita Canny ya OpenCV, maktaba ya programu za kuchakata picha, moja kwa moja juu ya picha mbichi halafu wanalalamika mistari ya takataka imejaa, wakati ile fanksheni haifanyi ulainishaji wa Gaussian ndani yake, inategemea wewe uwe umeshaufanya, yani sehemu ya spesifikesheni imebaki mikononi mwa anayeita na hajui.

Watu wa Yale nao hawakuishia kwenye manowari. Mwaka 1999 Hudak akiwa na Alastair Reid, John Peterson na Greg Hager walileta FVision, njia ya kutengeneza prototaipu za mifumo ya kuona inayofanya kazi papo kwa papo, na safari hii hawakujaribu kuandika kila kitu Haskell. Hager alikuwa tayari na XVision, maktaba ya C++ ya kufuatilia vitu kwenye video, na ufuatiliaji wake wa kingo una mbinu safi sana: badala ya kuchambua picha nzima inachukua kidirisha kidogo pale kingo inapotarajiwa, inakizungusha mpaka kingo isimame wima, ndo inatafuta mgeuko kwa upande mmoja tu, kazi inakuwa ndogo kiasi kwamba kompyuta za wakati huo ziliimudu wakati video inaendelea kutembea. FVision iliacha hizo hesabu za pikseli palepale kwenye C++ na kuipa Haskell kazi ya kuunganisha: hivi vifuatiliaji viwili vinafanya kona, hizi kona zinafanya umbo, umbo likipotea fanya hivi. Ni mchezo uleule wa pete na maduara, vipande vidogo vyenye maana inayoeleweka vinavyounganishwa na alama chache.

Kwangu hapo ndo jibu la lile dai kwamba maeneo kama fanksheni ni ujanja usiofaa kwingine. Lilipatikana kwenye kamera, na likaja likiwa na marekebisho ambayo geo-server haikuyafanya, kwamba kile unachotakiwa kukiangalia ndani, pikseli na mipaka yake, kiache kwenye data ya kawaida na lugha ya kawaida, na kile unachotakiwa kukielewa na kukihoji kiandike kama fanksheni. Ningependa sana kuona mtu anarudia jaribio la 1993 kwa mpango huo, tatizo likiwa na testi moja za pamoja ambazo kila timu lazima izipite, masaa yakihesabiwa na mtu wa nje, na wakaguzi wakipewa kila programu na swali moja la kujibu kwa kusoma tu: ndege ya abiria ikiwa hapa, mfumo utasema nini?